Giardello hakubebwa! "The Hurricane" ilitulisha matango pori

Wakuu salaam.

Kila mjadala wa filamu za ngumi ukifunguliwa humu, hazipiti komenti kumi kabla mtu hajaleta "The Hurricane" ya 1999, ile ya Denzel Washington akicheza kama bondia Rubin Carter, na kutuhakikishia kwamba Carter alidhulumiwa mkanda wa dunia na majaji wazungu. Nimechoka. Hakudhulumiwa mkanda. Alipigwa kwa pointi, tena kwa pointi zinazoeleweka, na waliotengeneza filamu walikuwa na kila nyenzo ya kulijua hilo.

Denzel simgusi. Golden Globe aliyopewa ni halali yake. Ugomvi wangu ni na waliolichukua pambano la 14 Desemba 1964 pale Philadelphia wakaligeuza kichwa chini miguu juu. Mlioiona kwenye vibanda umiza mnakumbuka: picha nyeusi na nyeupe, Carter anamponda bingwa Joey Giardello mpaka uso umeloa damu, ukumbi mzima unajua nani kashinda, halafu majaji wanampa Giardello. Tukatoka pale tunasonya.

Haya, tufungue kadi. Pambano lile lilihesabiwa kwa mfumo wa pointi 5, si 10 kama tulivyozoea leo. Mshindi wa raundi anapata 5, aliyeshindwa anapata 4 au pungufu, raundi ikiwa sare wote 5. Raundi zilikuwa 15, kwa hiyo anayeshinda zote anamaliza na 75. Refa naye alikuwa na kadi, pamoja na majaji wawili. Kadi tatu zilisomeka 72-66, 71-66 na 70-67. Zote kwa Giardello.

Shika kalamu. Kwenye 72-66, Giardello amepoteza pointi 3 tu kutoka 75, Carter amepoteza 9. Ukihesabu pointi moja kwa kila raundi iliyopotea, maana yake Giardello kachukua raundi 9, Carter 3, sare 3. Chukua sasa ile kadi iliyomhurumia Carter kuliko zote, 70-67: Giardello 8, Carter 5, sare 2. Wizi wa ulingoni una harufu yake jamani, na wapenzi wa ngumi tunaijua. Kadi mbili zinaenda huku, moja kule, na katikati kuna moja ambayo hata aliyeiandika anaona aibu kuinua macho. Hapa watu watatu waliokaa sehemu tatu tofauti wameona mshindi mmoja.

Na ukilitazama pambano lenyewe (lilirekodiwa, picha zipo mtandaoni) unaona sababu. Carter alikuwa mtu wa kumaliza kazi mapema. Mwaka mmoja kabla, Desemba 1963, alimwangusha Emile Griffith mara mbili ndani ya raundi ya kwanza pale Pittsburgh, refa akasimamisha, na Griffith alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa welter wakati huo. Ile ilikuwa kazi ya kweli. Kwa Giardello, dakika zake nzuri zilikuja raundi ya 4: mkono wa kulia ukafika kichwani, bingwa akayumba. Hakummalizia. Kuanzia raundi ya 5 Giardello, mzee wa miaka 34, akalichukua pambano. Anatangulia, anagusa, anahama, ukimsogelea umechelewa. Carter anasubiri apakie ngumi moja nzito. Anayesubiri ngumi moja kwa dakika tatu nzima anagawa raundi bure, kwa sababu jaji anahesabu ngumi safi zilizofika, hahesabu vitisho.

Sasa angalia ujanja wa filamu. Raundi 15 za dakika tatu ni dakika 45 za ngumi, na hakuna filamu inayoweza kuzionyesha zote, hilo tunakubali. Lazima uchague. Lakini ukiichukua ile raundi ya 4, ukaizidisha, ukaongeza damu, kisha ukazitupa zile kumi na moja zilizofuata, hapo hujafupisha pambano, umetengeneza pambano jipya. Na lisingehitaji gharama yoyote kulionyesha kwa haki: picha moja ya Giardello akiyumba raundi ya 4, picha ya Carter akipiga hewa raundi ya 9 au ya 10, kengele ya mwisho, kadi zinasomwa. Dakika mbili zinatosha. Mtazamaji angemwona mtu aliyeikosa nafasi yake kwa mikono yake mwenyewe, na mimi naona ingekuwa simulizi tamu zaidi.

Halafu huyu Giardello wanayemchora kama mzungu aliyefichwa nyuma ya majaji. Juni 1963, hapo hapo Philadelphia, alimshinda Sugar Ray Robinson kwa pointi. Mkanda aliuchukua Desemba mwaka huo kwa Dick Tiger, Mnigeria, na 21 Oktoba 1965 akampa tena Tiger nafasi ya kuugombea, Madison Square Garden, akapigwa kwa pointi. Majaji wa kumbeba mzungu usiku huo walikuwa likizo? Wawili hao walipigana mara nne, kila mmoja akashinda mbili.

Na kwa nini watu wa filamu hawamtaji Tiger? Kwa sababu anaharibu hadithi. Tarehe 20 Mei 1965, miezi mitano tu baada ya Philadelphia, Carter alipanda ulingoni na Tiger, raundi 10, akaangushwa mara tatu, akapoteza bila ubishi. Baada ya usiku wa Giardello hadi anakamatwa kwa ile kesi ya mauaji (nakuja huko), Carter alishinda 7, akapoteza 7, akatoka sare 1. Jumla ya rekodi yake ni 27-12-1. Bondia hatari, mwenye KO 19 (ushindi wa kummaliza mpinzani kabla ya raundi kuisha zote), ila tayari alikuwa anateremka. Filamu inakwambia mkanda ulizuiwa na rangi ya ngozi yake. Kilichomzuia mwaka 1965 ni mkono wa kushoto wa Mwafrika mwenzetu.

Giardello hakunyamaza. Filamu ilipotoka alikwenda mahakamani, kesi ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Mkanda wake halali, jasho lake, na uzeeni analazimika kumlipa wakili ili aseme "mimi nilishinda".

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki: Carter ALIONEWA. Hakuhitaji kuongezewa uonevu wa kutunga. Watu walipigwa risasi wakauawa Lafayette Bar, Paterson, New Jersey, alfajiri ya 17 Juni 1966. Carter na kijana John Artis wakatiwa hatiani 1967, ushahidi mkubwa ukiwa wa Bello na Bradley, watu wawili waliokuwa kwenye harakati za kuvunja na kuiba jirani na pale. Mwaka 1974 wote wawili wakakana walichosema. Hukumu ikafutwa 1976, kesi ikarudiwa, Bello akageuka tena, wakatiwa hatiani upya. Mpaka Novemba 1985 Jaji Sarokin wa mahakama ya shirikisho alipoitupa hukumu hiyo, akisema waendesha mashtaka walitegemea ubaguzi na kuficha ushahidi. Miaka karibu 19 imekwenda. Unapokuwa na ukweli mzito namna hiyo mkononi, unabuni wizi wa pambano wa nini? Anayetaka kuikataa kesi nzima anaanza na lile la Giardello: "hata ngumi wamedanganya, na hili je?" Mmempa silaha bure.

Na hawakuishia ulingoni. Yule mpelelezi Della Pesca anayemwandama Carter tangu utotoni hakuwahi kuwepo. Wamechukua mfumo mzima, polisi, waendesha mashtaka na mashahidi, wakaubebesha mtu mmoja mwenye sura ya chuki, kana kwamba yeye asingezaliwa kila kitu kingekwenda sawa. Wale Wakanada wa Toronto waliomsaidia Carter kupigania kutoka gerezani, filamuni ni watatu, wakati lilikuwa kundi kubwa zaidi, na mawakili kina Myron Beldock na Lewis Steel waliosota na kesi miaka na miaka wanaonekana kama wasindikizaji.

Artis ndiyo usiniambie. Kijana wa miaka 19, aliahidiwa afueni amtaje Carter, akakataa, akakaa ndani hadi 1981. Filamu nzima imempa nini? Vipande vya kupita.

NYONGEZA, kwa sababu naona komenti zimeshaanza.

"Filamu si taarifa ya habari." Sawa, basi badilisha majina. Ukitumia jina la mtu halisi, tarehe halisi na mkanda halisi, umejifunga mwenyewe.

"Wewe unamtetea mzungu." Nimemtaja Dick Tiger mara ngapi hapo juu? Rudi usome.

"Kadi zilipikwa." Vizuri. Chukua video, zima sauti ili watangazaji wasikuyumbishe, andika raundi ya 1 hadi ya 15, 5-4 au 5-5, kisha weka hapa kadi yako nzima. Usituletee raundi ya 4 peke yake.