Tupeane uzoefu: injini ya gari lako la kizamani inapumulia wapi?

Mleta mada:
Wakuu, ringi za pistoni haziwezi kuziba silinda asilimia mia. Kila mlipuko, gesi kidogo hupenya kwenda chini kwenye chumba cha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) pamoja na moshi, mvuke wa maji na petroli. Isipopewa njia hujitafutia yenyewe: sili za krenki, gaskiti ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha valvu za injini), hata kijiti cha oili husukumwa nje. Watu wanabadilisha sili juu ya sili huku presha ya ndani iko palepale, na inauma kuona injini nzima ikifunguliwa bila sababu.

Langu ni MGB ya miaka ya 1960, lenye ile valvu ya Smiths ya duara kama uyoga, inayodhibiti mvuto wa kutoa gesi hizo, kwenye manifodi (bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda). Likisimama huku linaunguruma lilikuwa linatetemeka, na kabureta hazishiki tyuni. Nilifungua valvu, nikautoa utando wa mpira na kuuvuta kuelekea kwenye mwanga. Ufa mwembamba ulikuwa pembezoni, pale mpira unapojikunja, na hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupitia kabureta. Niliweka utando mpya, nikaosha pia wavu wa waya ulio ndani ya kifuniko cha tapeti cha ubavuni. Likatulia.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu umegusa penyewe. Mimi nina Morris Minor. Nyuma ya krenki injini ile haina sili ya mpira, ina mfereji wa mzunguko tu unaorudisha oili ndani, kwa hiyo presha ikipanda kidogo oili inapita. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliziba bomba la kupumulia ili lisidondoshe chini. Oili ikahamia kwenye klachi, na klachi ikawa inateleza. Kuzibua bomba tu kulipunguza sana uvujaji. Baadaye nikafunga kabureta ya SU yenye kipua cha kupokea mpira wa kupumulia. Mvuto wa pale ni mdogo na hautofautiani sana, hivyo hahitajiki mtu kufunga valvu.

Mchangiaji wa 3:
Mimi nimeacha bomba la asili linaloelekea barabarani, kwa sababu gari langu linakimbia safari ndefu. Upepo wa chini ndio unaovuta, kwa hiyo kwenye foleni halifanyi kazi. Anayeendesha safari fupi fupi asilitegemee: maji hayapati joto la kuyatoa, na oili inageuka tope.

Mchangiaji wa 4:
Hapo ndipo valvu ya PCV, inayotumia mvuto wa manifodi kutoa gesi za krenki, inaposhinda. Mfumo huo ulitumika kwenye vifaru vya Vita Kuu ya Pili ili injini zisinyonye maji zikivuka mito, na California ikaudai kwenye magari mapya mwaka 1961. Kwenye Chevrolet yangu ya V8 nimeweka valvu kwenye tapeti kava moja, na hewa safi inaingia kwa kifuniko chenye chujio upande wa pili. Lazima iwepo njia ya kuingilia. Mkiziba kote, mvuto unanyonya sili kwa ndani. Na chini ya valvu pawe na bati la kukinga, la sivyo inavuta oili yenyewe na gari linatoa moshi wa bluu. Valvu ichukuliwe kwenye injini yenye ukubwa unaokaribiana. Mwenye kamshafti kali (inayofungua valvu za injini kwa muda mrefu zaidi) awe mwangalifu zaidi, kwa sababu mvuto wake ni hafifu na valvu itachezacheza.

Mchangiaji wa 5:
Na kopo la kukusanyia oili inayotoka kwenye bomba la kupumulia je?

Mleta mada:
Linafaa kwa gari la mashindano, lakini lenyewe halivuti kitu. Kabla hujanunua, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa imepata moto na weka karatasi nyepesi juu ya tundu. Kwa mfumo wenye mvuto, karatasi inatakiwa kunasa. Ikipeperuka huku valvu na mipira ni mizima, pima kompresheni kwanza, maana ringi zilizokwisha haziponi kwa kopo.