Wauzaji wa "lacha wa kulungu" Uingereza mmezidi: mnauza kimo na video, kazi hamuijui

Wakuu, hasa mlioko Uingereza na mnaoingia porini kwa ruhusa ya mwenye shamba, haya matangazo ya lacha, yaani mbwa chotara wa grehaundi (mbwa wa mbio) na aina nyingine, anayeuzwa kwa kazi ya kulungu (hawa wa Ulaya, deer), mnayaona? Kila wiki ni yale yale. "Lacha wa kulungu, kimo inchi 28, mama grehaundi, baba nusu bulteria, anaangusha kila kitu, tazama video." Pua haitajwi. Tabia yake kwa kondoo haitajwi. Kipimo cha vinasaba hakipo. Halafu bei inapandishwa kwa sababu mtoto wa mbwa ana mabakabaka ya kijivu! Huu ni utapeli wa mchana kweupe.

Tuanze na hiyo video. Imepigwa usiku, kurunzi inamulika shamba la watu, mbwa anamfukuza roe (kulungu mdogo wa huko) mwenye afya ambaye hana hata mkwaruzo. England na Wales hilo ni kosa la jinai tangu Februari 2005, Sheria ya Uwindaji ya 2004 ilipoanza kutumika. Uskoti wana sheria yao, na 2023 wameikaza upya. Maana yake muuzaji anakuonyesha ushahidi wa kosa, kisha anataka umlipe. Kilichobaki halali kwa England na Wales ni kidogo na kina masharti: mbwa wasizidi wawili, mwenye ardhi awe ameridhia, na kazi iwe ama kumtoa mnyama kichakani apigwe risasi haraka iwezekanavyo, ama kumtafuta aliyejeruhiwa ili mateso yake yakatishwe.

Sasa kama kazi ndiyo hiyo, inchi 28 za nini?

Angalieni inavyokwenda. Kulungu aliyepigwa kwenye mapafu anaacha damu ya waridi yenye povu, na mara nyingi haendi mbali. Mbwa yeyote mwenye pua atamfikia. Aliyepigwa tumboni anaacha damu chafu iliyochanganyika na majani yaliyosagwa, harufu yake unaijua hata ukiwa na mafua. Hapo unasubiri saa tatu, nne au zaidi. Ukimpeleka mbwa mapema unamwamsha mnyama alikojilaza, naye anaondoka kabisa. Wa tatu ndiye wa lacha: aliyevunjwa mguu chini. Pale aliposimama unakuta vipande vya mfupa na manyoya yaliyokatwa, damu nyingi hatua za mwanzo, kisha matone, kisha hakuna. Huyu ana miguu mitatu mizima na pumzi zote. Blodhaundi, mbwa wa kunusa asiye na mbio, atamfuata mpaka jioni bila kumkamata. Lacha mzuri anafuata harufu akiwa kwenye kamba ya mita nane hadi kumi, kichwa chini, kimya. Mnyama akiinuka mbele yake anaachiwa, anammaliza mbio ndani ya umbali mfupi, anamshika shingo na kumtuliza mpaka mwenye bunduki afike. Hatafuni paja, habweki njia nzima.

Kwa hiyo ni pua kwanza, utiifu pili, mbio tatu. Ndiyo maana robo ya koli (mbwa wa kuchunga kondoo) kwenye robo tatu za grehaundi imedumu miaka yote: koli analeta akili na kusikiliza, grehaundi analeta miguu. Kimo inchi 24 hadi 26, uzito kilo 25 hadi 30, kinatosha sana. Roe aliyekomaa ana kilo 10 hadi 25, muntjak (kulungu mwingine mdogo) 10 hadi 18. Dume la kulungu mwekundu linafika kilo 190, na hakuna mbwa wa kulishika hilo peke yake bila kuumia. Damu ya dihaundi, mbwa mrefu wa kulungu wa Uskoti, kwa milima iliyo wazi sawa, siipingi. Lakini mpeleke huyo mrefu kwenye msitu wa miba na seng'enge, uone bili ya daktari wa mifugo.

Na huo "ujasiri wa bulu", yaani damu ya bulteria, mnaousifia ndio unaojaza kliniki. Dume la muntjak lina meno mawili ya juu yaliyochongoka nje ya mdomo, na linayatumia. Mbwa anayeingia kifua mbele bila kufikiri anachanwa koo na mabega.

Nikija kwenye mwili, hebu acheni kutazama urefu mkatazame nyayo. Inua mguu wa mbele, bonyeza kila kidole kwa zamu. Vidole viwe vimebana na kupinda juu, siyo vimetawanyika. Nyayo ziwe nene, bila nyufa. Ukibonyeza kiungo cha kidole na mbwa akavuta mguu, au kiungo kimoja kimevimba kuliko mwenzake wa mguu wa pili, huyo ameshawahi kuteguka, na kidole kilichoteguka kwa mbwa wa mbio hurudi kuteguka. Kisha pitisha mkono ndani ya mapaja yote mawili. Bonde au fundo kwenye msuli upande mmoja ni kovu la msuli uliochanika, na hakuna tangazo litakalokwambia. Meno ya juu yafunike ya chini kwa karibu. Ngozi ya grehaundi ni nyepesi kama karatasi ya sigara, kwa hiyo manyoya ya kukwaruza kidogo ni msaada mkubwa kwenye miba.

Halafu kuna hili la "ana miezi minane na ameshashika wengi". Mkuu, mbwa wa kimo hicho sehemu za ukuaji za mifupa yake hazijafunga. Kumkimbiza kwa nguvu kabla ya mwaka, wengine ni mwaka na nusu, ni kumharibu viungo kabla hajaanza kazi. Anayejisifu hivyo anakutangazia kasoro.

Mabakabaka nayo ni balaa. Rangi hiyo huja zaidi upande wa koli, na wauzaji wanapandisha wawili wenye mabaka ili wapate wengi. Wastani wa mtoto mmoja kati ya wanne hurithi nakala mbili za kinasaba cha mabaka, na hao ndio walio kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi, vipofu au vyote viwili. Wanakwenda wapi hao? Kwenye tangazo hawapo. Na damu hiyo hiyo ya koli inaweza kubeba kasoro ya MDR1, kinasaba kinachozuia dawa zisiingie ubongoni: ivermektini (dawa ya minyoo) kwa dozi kubwa, au hata loperamidi ya kuzuia kuhara, inaingia kwenye ubongo na inaweza kumuua mbwa. Kipimo ni cha kufuta mate shavuni tu. Muuzaji wa lacha wa koli asiye na jibu la kipimo hicho asikupotezee muda.

Mwisho, kondoo. Mwenye mifugo akimkuta mbwa anawasumbua kondoo wake na hana njia nyingine ya kumzuia, sheria inaweza kumlinda akimpiga risasi. Dai uonyeshwe mbwa mama akipita kati ya kondoo kamba ikiwa imelegea. Akikataa, rudi nyumbani.

Jibu la 2
Naongeza upande wa mafunzo, maana wanaouza "tayari kwa kazi" hawaelezi wamemfundisha nini. Harufu anaanza nayo akiwa na miezi mitatu: mburuto, yaani njia ya harufu unayoiburuta ardhini, wa mita 50 kwa kwato na damu kidogo, upepo ukiwa mgongoni ili atumie ardhi badala ya kunusa juu. Mwisho wa mburuto aikute ngozi, si chakula cha nyumbani. Akiwa hakosei, ongeza urefu, kisha pinda kona, kisha acha mburuto ulale usiku kucha. Kwa kulinganisha, mtihani wa Wajerumani wa mbwa wa kufuata damu ni mita 1,000, damu isiyozidi robo lita, na njia iliyolala saa 20. Mwambie muuzaji akuwekee hata nusu ya hiyo mbele ya macho yako.

Jibu la 3
Nina ndugu Nakuru anataka nimtumie wawili awindie swala. Inawezekana?

Mwanzisha uzi
Mkuu, Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Unampeleka ndugu yako jela na mbwa wawili juu. Kama anataka mbwa wa kufuga hiyo ni habari nyingine, ila damu ya grehaundi haina mafuta mwilini, jua la mchana si rafiki yake.

Jibu la 5
Na chipu ya utambulisho, ile inayowekwa chini ya ngozi? Wengi wanasema "utaweka mwenyewe".

Mwanzisha uzi
England chipu ni lazima mtoto akifika wiki nane, na wa kuiweka ni mfugaji kabla hajauza. Tangu Aprili 2020 muuzaji wa kibiashara haruhusiwi kuuza mtoto wa chini ya miezi sita ambaye hakumzalisha mwenyewe. Kwa hiyo akikwambia mkutane kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, mama wa mbwa hayupo na chipu utaweka mwenyewe, piga picha ya tangazo, chukua namba ya gari, peleka kwa halmashauri. Wenye majibu ya MDR1 ya mbwa wao wekeni hapa chini, majina ya wenye mbwa yafuteni.