Dada yangu ana kilo 142, anataka upasuaji wa kupunguza uzito

Kitindamimba (Uyole):
Habari za jioni wakuu. Dada yangu ana miaka 41, urefu sentimita 158, kilo 142. Ana presha, na kisukari huu mwaka wa sita. Anauza mchele Mwanjelwa. Akishuka kwenye daladala hukaa kwanza kwenye gunia la mwenzake apate pumzi, ndipo afike kibandani kwake. Amejinyima chakula mara nyingi: kilo kumi zinashuka, kumi na mbili zinarudi. Daktari kamshauri upasuaji. Mama anasema mtu hakatwi utumbo kwa sababu ya unene. Kuna aliyefanyiwa? Miaka ikipita hali inakuwaje?

Mama Pacha (Tukuyu):
Mdogo wangu, mimi nilifanyiwa India mwaka 2019. Mwambie mama kwangu utumbo haukuguswa. Walipunguza mfuko wa chakula kwa matundu madogo, wakatoa karibu asilimia 80, ukabaki mwembamba kama ndizi. Ipo aina nyingine ambayo utumbo huunganishwa upya chakula kipite njia fupi. Hiyo hushusha uzito zaidi kidogo. Daktari wake atamweleza inayomfaa.

Niliingia na kilo 136. Baada ya mwaka na nusu nilikuwa na 91. Leo nina 98, na nalisema hili kwa sababu wengi huonyesha picha za mwaka wa kwanza tu. Kilo kadhaa kurudi ni kawaida. Huko Sweden wamewafuatilia watu tangu 1987: miaka 20 baadaye, waliopasuliwa walikuwa bado chini kwa takriban asilimia 18 ya uzito wao wa mwanzo, na vifo vilikuwa vichache kuliko kwa wenzao ambao hawakupasuliwa. Kisukari changu kilitulia nikaachishwa sindano, ila napima bado, maana kwa wengine hurudi.

Nilipoumia mimi ni hapa. Vitamini nilimeza miezi minane, nikaacha kwa kujiona mzima. Mwaka wa tatu nyayo zikaanza kufa ganzi, nikadhani ni baridi yetu hii. Siku moja nikaanguka shambani nikichuma chai. Zahanati niliyokwenda wakanipa dawa ya malaria, mara mbili. Kuja kupimwa vizuri, vitamini B12 imekwisha mwilini na damu imeshuka. Kumbe sehemu ile iliyotolewa ndiyo iliyokuwa inasaidia mwili kuchukua B12 na madini ya chuma! Mpaka leo nachomwa sindano za B12, na vidole viwili vya mguu havijarudi.

Kwa hiyo kabla dada hajapanda basi, jueni ni daktari gani hapa Mbeya atampima damu kila mwaka, na hela ya vitamini kila mwezi itatoka wapi. Hiyo ni ya maisha yake yote.

Nesi wa Mafinga:
Naongezea. Akitapika mfululizo wiki za mwanzo asikae nyumbani. Vitamini B1 huisha upesi, na ubongo unaweza kudhurika. Akifika hospitali aseme amefanyiwa upasuaji huo kabla hajatundikiwa dripu ya sukari. Pia asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Uzito ukishuka mimba huingia kirahisi, kwa hiyo kijiti au kitanzi kiwekwe mapema.

Kitindamimba (Uyole):
Ndaga fijo dada zangu. Nimemsomea mama yote, akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: kande ataweza kula tena?

Mama Pacha (Tukuyu):
Shikamoo yangu imfikie. Wiki za kwanza ni supu iliyochujwa na maziwa, kisha vyakula laini. Mimi kande nilianza mwezi wa nne, mahindi yamekobolewa na kuiva sana, maharage naanza nayo, vijiko vitano nimeshiba. Maji nakunywa baadaye, si pamoja na chakula. Mama asije akaona dada amebakiza akadhani kachukia mapishi yake. Mawifi zangu walininunia msiba mzima kwa ajili ya sahani ya wali.

Kitindamimba (Uyole):
Amesema atampikia kwenye sufuria ndogo. Jumatatu tunakwenda kumuuliza daktari habari ya vipimo vya damu.