Fosfeti ya kwenye miamba ya bahari: ni mifupa ya samaki au?

mchimbaMaswali: Wakuu salaam. Nimesoma kwamba mwamba wa fosfeti (ule unaochimbwa kutengeneza mbolea) wa Moroko umejaa meno ya papa na mifupa, nikajua basi ndo hivyo, samaki walikufa wakarundikana. Sasa mbona haipo kila palipowahi kuwa bahari? Samaki si wako bahari zote?

Tope_Jeusi: Mifupa imo mkuu ila ni nyongeza tu. Chukua kipande cha mwamba ule ukiangalie kwa hadubini, utakuta vipunje vya kahawia au vyeusi vya mviringo, saizi ya mchanga, hivyo ndo vimebeba mzigo. Madini yenyewe ni apataiti yenye floridi na kaboneti na haikudondoka toka juu, imejijenga humohumo kwenye tope. Planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, wanakufa wanazama, bakteria wanawaozesha chini ambako oksijeni ni haba, fosfeti inaachiwa kwenye maji yaliyonaswa kati ya chembe za tope, yakizidiwa ndo apataiti inaganda, sentimita chache tu chini ya sakafu ya bahari. Tena pwani ya Namibia kuna bakteria anaitwa Thiomargarita namibiensis, mkubwa hadi unamwona kwa macho matupu, anaweka akiba ya fosfeti mwilini halafu anaitema ndani ya tope.

pwani_magharibi: Na ndo maana si kila mahali. Maji ya juu ya bahari kuu karibu hayana fosfeti, planktoni washaimaliza, iliyobaki iko kilindini. Inabidi upepo usukume maji ya juu yatoke pwani ili ya chini, ya baridi, yapande na fosfeti yake na planktoni wazaliane kwa wingi, kama Peru, Chile na Namibia, na huko fosfeti inajengeka mpaka leo. Mwanajiolojia Mrusi, Kazakov, aliyaona haya ya maji kupanda tangu miaka ya 1930, ila yeye alidhani apataiti inaganda moja kwa moja kwenye maji ya bahari, hapo hakupatia.

mchimbaMaswali: Sawa, ila Idaho na Wyoming kule Marekani fosfeti iko milimani, bahari iko wapi?

pwani_magharibi: Ilikuwepo, enzi ya Permi (miaka kama milioni 300 hadi 250 iliyopita) ile ndo ilikuwa ukingo wa magharibi wa Pangea, bara moja kubwa la kale lililounganisha mabara ya leo. Tafuta bahari ya wakati ule, ramani ya leo itakupoteza. Moroko nayo, miaka kama milioni 70 mpaka 45 iliyopita, ilikuwa mwambao wa bahari iliyokuwa joto na ya kina kifupi, na mkanda huohuo unapita Aljeria, Tunisia, Misri mpaka Jordan.

Tope_Jeusi: Usisahau mikondo. Vipunje vikiachwa vimetapakaa kwenye tope hupati mwamba wa kuchimba, lazima mawimbi yaje yapepete tope laini liondoke vizito vibaki, na hiyo hutokea tena na tena. Halafu kama bado unang'ang'ania mifupa, angalia fosfeti ya Doushantuo kule China, ina miaka kama milioni 600. Samaki walikuwa hata hawajatokea duniani.

mchimbaMaswali: 😂😂 hapo umenimaliza mkuu