MJADALA: Simba na Yanga wakilikacha Kombe la Kagame, nafasi tupewe sisi wa mikoani?

Ndugu zangu wa Tanga, naanzisha. Julai 2024 Kombe la Kagame, lile la klabu za Afrika Mashariki na Kati, lilichezwa Dar es Salaam bila Simba wala Yanga. Simba walikuwa kambini Misri, Yanga Afrika Kusini wakiitandika Kaizer Chiefs 4-0. Coastal Union yetu ikaingia, watu wakanuna eti kombe limekosa hadhi. Mimi nasema vigogo wasibembelezwe. Libaki la klabu zisizo na pesa za kambi ng'ambo, na mechi nyingine ziletwe Mkwakwani, uwanja wetu hapa Tanga. Kwetu Wagosi, watu wa Coastal, hili si kombe la kupashia misuli: 1989 tulifika fainali Nairobi, tukalala 3-0 kwa Kenya Breweries, hao Tusker wa leo.

Wa Chumbageni: Kaka, mahaba yamekuzidi. Jina la kombe limebebwa na hao hao unaowafukuza. Simba wamelichukua mara 6 kuanzia 1974, Yanga mara 5. Fainali ya 2011 Yanga alipomfunga Simba 1-0 dakika za nyongeza, hapa mjini nani hakuitazama? Weka Coastal na timu ya Djibouti uone mapato ya mlangoni.

Wa Ngamiani: Shikamoo mzee, ila Azam alilichukua 2015 bila kuruhusu bao hata moja, kombe halikuporomoka. Tatizo ni kalenda. Julai ni wiki chache kabla ya raundi za awali za mashindano ya klabu Afrika ya CAF, kocha gani atahatarisha wachezaji wake? Halafu zawadi. Rais Kagame wa Rwanda alipoanza kudhamini 2002, bingwa alipewa dola 30,000. Kwa Simba ya sasa hiyo pesa ni ya nini?

Wa Raskazone: Mnasahau jambo. Kombe la 2024 lilibebwa na Red Arrows ya Zambia, wageni waalikwa! Vigogo wakitoka, CECAFA, wenye kombe lao, inaalika watu wa nje ya ukanda, mikoani hatuongezewi kitu.

Mwanzisha mada: Hapo umegonga penyewe, na ndiyo maana nataka Mkwakwani. Mombasa ni karibu na sisi kuliko Dar, Wakenya wanavuka Horohoro asubuhi, jioni wako jukwaani. Semeni kweli, Coastal na Gor Mahia ya Kenya, kiingilio elfu tatu, mnakuja?

Wa Chumbageni: Gor Mahia natoa hata elfu tano. Ile ya Djibouti nendeni wenyewe.