Darasa la Kiswahili linafutwa "hakuna hela", kocha aliyefukuzwa analipwa akiwa kwake

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nafundisha Kiswahili chuo kimoja cha umma hapa Marekani, jina naliacha. Wiki iliyopita nimeitwa ofisini, nikasogezewa karatasi moja: mwakani darasa langu halipo. Wanafunzi 11 ni wachache, somo halijilipi.

Halijilipi! Timu ya futiboli ya Kimarekani imejilipa lini? Kila mwanafunzi anatozwa ada ya michezo kila muhula, aende uwanjani asiende. Nina binti mmoja darasani anayepanga vifurushi ghalani usiku kucha, saa mbili asubuhi anaingia macho mekundu na daftari lake. Alinionyesha ankara yake: ada ya michezo ni mara saba ya ada ya maktaba. Mechi hajawahi kuona hata moja. Anamlipia kocha aliyefukuzwa Novemba, ambaye mkataba wake bado unalipwa yeye akiwa amekaa nyumbani.

Na si kwetu tu. Mwaka 2023 chuo cha Texas A&M walimfukuza kocha wao wa futiboli, Jimbo Fisher, wakabaki na deni la kumlipa zaidi ya dola milioni 75 za mkataba wake. Mwaka huohuo West Virginia University ilifuta programu 28 na nafasi za walimu 143, idara ya lugha za kigeni ikavunjwa. Penn State walipitisha hadi dola milioni 700 za kukarabati uwanja 2024, mwaka uliofuata wakapiga kura kufunga kampasi saba.

Najua jibu lao: mifuko ni tofauti, uwanja unalipwa na viingilio na wafadhili. Kwa vigogo, sawa. Kwetu nusu ya viti huwa vitupu na pengo linazibwa na ada za watoto hawa. Sasa tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Vijana wanastahili, wanavunjika magoti kwa ajili ya chuo. Lakini chuo kama chetu, kinachotaka kukimbizana na wakubwa, kitazitoa wapi kama si kwenye madarasa?

Jana baada ya kipindi yule binti akaniuliza, "Mwalimu, mwakani si ndiyo tunaanza riwaya?" Niliwaahidi mimi mwenyewe. Karatasi ilikuwa mfukoni na sikuweza kumwambia.

Mnaofundisha huku, kuna aliyewahi kuokoa somo lake? Bodi inakutana mwisho wa mwezi, nataka niende na barua mkononi.