Mjadala: Kuwashtukiza wazazi kwa kurudi kutoka ng'ambo kabla ya siku, ni zawadi au ni kuwaonea?

Mtoa mada (Mkomani, Lamu)

Asalaam aleikum. Jambo hili limezidi siku hizi, tulizungumze waziwazi. Kijana yuko Doha, Jeddah au Uingereza, na nyumbani wanajua atarudi mwezi wa kumi na mbili. Yeye anakata tiketi ya mwezi wa tisa, anawaficha wazazi, anapatana na mdogo wake amshikie simu, kisha anatokea mlangoni. Mama anapiga ukelele, anaishiwa na nguvu za miguu, analia. Yote yanarekodiwa na kurushwa mtandaoni hata chai haijachemka, na maelfu ya watu wasiomjua mama huyo wanasifu mapenzi ya mtoto. Kurudi mapema ni neema, hakuna atakayekataa. Ninalolipinga ni kumvamia mzazi.

Nianze na kamera, maana ndiyo inayoniuma zaidi. Mama wa Lamu akiwa ndani kwake hana buibui. Ana leso zake, kichwa kiwazi, pengine ana hina mikononi, pengine anapara samaki. Mwanawe ana haki ya kumwona hivyo, watu wa mtandaoni hawana. Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Mgeni anakaa dakani, baraza iliyo nje ya mlango, abishe hodi. Akiingia anapita tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, nayo imepindishwa ili mlango ukiwa wazi mpita njia asikione kiwanda, yaani ua wa ndani. Mgeni mwanamume akilala, ana sabule yake juu, chumba cha wageni. Haya yalifikiriwa na kujengwa kwa matumbawe na chokaa karne ya 18, na ni katika mambo yaliyoufanya mji wetu uingizwe katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Leo mtoto wa nyumba hiyo hiyo anaingia na simu juu, anapitisha dunia nzima tekani mpaka kiwandani kwa mamake. Mnaniambia mama aliulizwa baadaye akakubali. Atakataa vipi, na mtoto ndiyo kwanza ametoka shingoni mwake?

Ipo hadithi ya Jabir, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayomkataza aliyesafiri muda mrefu asiwajie watu wake usiku bila wao kujua. Najua mtaniambia inamhusu mke, apate kuchana nywele na kujitengeneza. Ni kweli. Mimi si sheikh na sitoi fatwa, wenye elimu wapo msikiti wa Riyadha hapa Lamu wa kuulizwa. Lakini adabu iliyomo ninaiona kubwa kuliko mke peke yake: anayengoja nyumbani naye ana haki ya kujiandaa.

Kisha kuna hofu. Mikataba mingi ya Ghuba ni ya miaka miwili, na wazazi wetu wanaihesabu miezi kuliko sisi. Septemba 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia katika miaka michache iliyotangulia. Mama aliyesikia hayo redioni, akimwona binti yake mlangoni kabla ya wakati, furaha si ya kwanza kumfikia. Kwanza anamtazama mwili. Ameumizwa? Amefukuzwa? Ametoroka? Watazamaji wanaona machozi na kuyaita ya furaha, lakini nusu yake ni ya hofu.

Hata moyo wenyewe una mipaka. Mwaka 2016 madaktari wa Zurich walichapisha uchunguzi juu ya maradhi ya takotsubo, ambayo misuli ya moyo hulegea ghafla baada ya mtu kupatwa na jambo zito. Kati ya wagonjwa 485 ambao chanzo chao kilikuwa hisia kali, 20 walipatwa kwa sababu ya jambo la furaha, kama harusi au sherehe ya kuzaliwa. Ni wachache sana, sitaki kumtisha mtu. Ila karibu wote waliougua, wa huzuni na wa furaha, walikuwa wanawake wa makamo na wazee. Ndio mama zetu hao.

Na mwisho, mnamnyima kungoja. Mama akijua mwana yuko njiani, siku zile chache anakuwa mtu mwengine. Anafua mashuka, anafukiza udi chumbani, anaagiza changu kwa mvuvi anayemwamini, anapeleka unga kwa mpika mikate ya mofa, anamwita jirani amsaidie kukuna nazi. Anajisifu kidogo kwa wenziwe baada ya alasiri. Furaha hiyo ni yake, na hakuna wa kumrudishia.

Mchangiaji (Barani, Malindi)

Aleikumu salaam. Ndugu yangu, la kamera nakuunga mkono kabisa. Mengine umesahau kwa nini tunaficha. Mimi nafanya kazi Doha. Likizo yangu si yangu mpaka nikae kwenye kiti cha ndege. Wakati mmoja niliwaambia nyumbani mapema. Mama akanunua mbuzi, akakopa mchele na mafuta dukani, shangazi zangu wakaja kutoka Mambrui na Gongoni. Usiku wa kuamkia safari msimamizi akanambia nafasi yangu amepewa mwengine, ningoje. Shangazi walikaa, wakachoka, wakarudi kwao. Mama kwenye simu alisema "hapana neno mwanangu", lakini dada alinambia kwamba siku ile hakutia kitu kinywani. Huko kungoja unakokusifu kunaweza kumla mtu.

Tena deni lile nililipa mimi, miezi mitatu. Na ukishatangaza safari, kila binamu ana saizi ya viatu na aina ya simu anayoitaka. Na macho ya watu pia yapo, usiniambie hayapo. Sasa nikija kimya, bila kamera, mchana, nikabisha hodi kama mtoto mwenye adabu, kosa langu liko wapi?

Mchangiaji (Langoni, Lamu)

Mimi nilirudi kutoka Riyadh bila kumwambia mtu. Sikuwa napanga kumfurahisha yeyote. Nilikuwa sijalipwa, simu yangu ilichukuliwa, na nilipoipata niliona haya kuandika "narudi mikono mitupu". Nilipovuka kutoka Mokowe nilijifunika uso chomboni ili nisiulizwe. Tafadhalini mnapojadili kushtukiza mtukumbuke na sisi. Si kila aliyenyamaza anacheza.

Mtoa mada

Dada yangu wa Langoni, pole sana, na ahsante kwa kusema. Wewe humo katika lawama zangu hata kidogo. Lakini ona vile kisa chako kinavyoonyesha ninachokiogopa: kwa kuwa wapo wanaorudi kimya kwa sababu kama yako, kila mzazi anayetokewa mlangoni kwa ghafla anaanza na sababu yako, kabla ya sababu ya yule mwenye kamera. Hawezi kujua ni ipi mpaka aulize.

Ndugu wa Barani, la gharama umenishinda, silibishi. Sherehe za kupokea wasafiri zimekuwa mzigo, na mama akikopa kwa ajili yako hilo nalo ni dhuluma. Lakini mbona dawa yake ikawa kumficha mama? Wafiche mabinamu. Waache shangazi wapate habari umeshalala usiku mmoja. Kumweka mama fungu moja na wenye husuda, kwamba wote wasijue, hilo ndilo linalonitatiza.

Na huku kwetu Lamu siri yenyewe haipo. Ushuke uwanja wa ndege wa Manda au uje kwa basi mpaka Mokowe, lazima uvuke maji, na chombo kinakutua mbele ya mji mzima. Vijana wa boti wanakujua, wachukuzi wanakujua, wazee waliokaa ufuoni wanakujua kwa mwendo wako. Kabla hujafika msikiti wa mtaani kwenu habari imeshapanda vichochoroni. Kwa hiyo anayeshtukizwa peke yake ni mama. Mji mzima umejua kabla yake kwamba mwanawe amekuja, na hilo kwa mama ni fedheha hata kama hatakwambia.

Mchangiaji (Barani, Malindi)

Hapo mna mambo ya kisiwa. Malindi uwanja wa ndege uko mjini, natoka, napanda tuktuk, niko mlangoni bila kuonwa na mtu. Lakini nimelisikia la kutomweka mama fungu moja na mahasidi. Sikuwa nimelitazama hivyo. Bado swali langu liko pale pale: tiketi ikivunjika, nani atamtuliza?

Mchangiaji (Shela, Malindi)

Wanangu, nimesoma yote na mimi ni mzazi, basi nisikilizeni. Wangu yuko Birmingham. Alinijia bila taarifa, alasiri, nimetoka kuswali. Nilimwona nikamuuliza, "Nani amekufa?" Hilo ndilo neno nililompokea nalo, na mpaka leo ningependa nipewe nafasi nimpokee kwa jengine. Baba yake alikuwa kwenye baraza na wenzake; aliinuka akakaa tena, hakuweza kusema. Kwa hiyo huyu wa Mkomani asema kweli.

Na huyu wa Barani naye asema kweli. Kungoja safari isiyokuja ni maradhi. Mimi sitaki kuambiwa wiki mbili kabla, nikakosa usingizi wiki mbili. Nipigie ukishatua Nairobi au Mombasa, mguu ukiwa kwenye ardhi ya Kenya. Hapo mwajiri hawezi tena kukurudisha. Kutoka Mombasa mpaka hapa ni kama kilomita 120, muda huo unanitosha kubadilisha shuka, kuoga na kuweka wali wa nazi jikoni. Mbuzi simtaki.

Mchangiaji (Barani, Malindi)

Shikamoo mama. Hilo naliweza. Nitampigia nikitua Mombasa, na nitatuma ya matumizi siku moja kabla bila kusema ni ya nini, asiende kukopa dukani.

Mtoa mada

Shikamoo mama. Kwa wa Lamu ingekuwa bora zaidi, maana basi kutoka Mombasa linachukua sehemu kubwa ya siku, mama atapata hata mofa zake. La simu nimeridhika nalo. La kamera bado sijapata jibu kutoka kwa wale wanaorekodi, na wamo humu, nawajua baadhi yao. Nawauliza hivi: kabla ya kubonyeza kurusha, mlimwonyesha mama picha yake yeye kwanza, peke yake, bila wageni chumbani, mkamwambia akisema hapana mtaifuta? Aliyefanya hivyo aje aseme mama alijibu nini.